Jinsi ya kuteua kisiwa cha Karibea kwa mapumziko mafupi ya wawili

WANANDOA wanaopanga mapumziko ya siku nne au tano katika visiwa vya Karibea aghalabu huanza kwa picha. Huona mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji ya samawati na bembea iliyotundikwa kivulini, kisha hununua tiketi ya kuelekea kisiwa chochote ambacho nauli yake ni nafuu wiki hiyo. Tatizo ni kwamba picha hizo hufanana mno, ilhali visiwa vyenyewe havifanani hata kidogo.

Viko visiwa vya milima na misitu ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, na viko vingine vikavu vilivyojaa mikakati na dungusikakati. Vipo ambavyo hoteli iko umbali wa dakika 15 kutoka uwanja wa ndege, na vipo ambavyo mgeni husafiri kwa gari saa moja unusu katika barabara yenye kona nyingi kabla ya kuweka mkoba chini. Kwa jumla, eneo la Karibea lina visiwa zaidi ya 700, vikubwa kwa vidogo, vikiwemo vile visivyokaliwa na watu.

Mtu mwenye likizo ya wiki tatu anaweza kukosea uteuzi na bado akapata muda wa kujirekebisha. Mwenye siku nne hana fursa hiyo. Siku ya kwanza na ya mwisho huishia njiani, hivyo basi siku nne za kalenda huwa mbili tu za kupumzika. Wawili hao wakitumia moja kati ya hizo mbili kutafuta ufuo usio na mawimbi makali, akiba ya miezi kadhaa itakuwa imepotea bure, na pengine hata maelewano nyumbani yakaingia dosari.

Suala hili linawahusu hasa Wakenya waishio Marekani, Kanada, Uingereza na kwingineko Ulaya, ambao kwao Karibea ni jirani wa saa chache. Kwa aliyeko Nairobi, hali ni tofauti. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya hadi visiwa hivyo. Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York mnamo Oktoba 2018, lakini msafiri akifika huko bado atahitaji ndege nyingine, na hawezi kupitia Marekani bila viza hata kama haja yake ni kubadilisha ndege tu. Aliye na siku nne pekee na anaondokea Nairobi atafaidi zaidi Diani, Lamu au Zanzibar. Karibea anaweza kuiweka kando hadi apate angalau siku kumi, au hadi atakapowatembelea jamaa zake ughaibuni.

HESABU SAA KWANZA

Jambo la kwanza la kupima ni muda wa safari kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli. Wengi huhesabu saa za ndege peke yake na kusahau foleni za ukaguzi, saa za kungojea ndege ya pili na safari ya gari upande wa pili.

Kutoka Miami hadi Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ndege huchukua takriban saa moja. Kutoka mji huo huo hadi Montego Bay nchini Jamaica, safari haizidi saa mbili. New York hadi San Juan, Puerto Rico, ni takriban saa nne. Toronto hadi Barbados ni kama saa tano, na kutoka London hadi Barbados ni saa nane hadi tisa. Mkaazi wa Paris ana safari za moja kwa moja hadi Martinique na Guadeloupe, ambavyo ni visiwa vya Ufaransa, naye wa Amsterdam anaweza kuelekea Aruba, Curaçao au Sint Maarten, ambavyo vimo katika Ufalme wa Uholanzi.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni yafaa iwe kwamba mwenye siku nne achague kisiwa kinachofikiwa kwa ndege moja kutoka mji wake au mji wa karibu. Ndege ya pili ikichelewa, siku nzima huenda ikatoweka. Vivyo hivyo, wawili hao waepuke tamaa ya kuunganisha visiwa viwili katika safari moja. Kwenye ramani, kisiwa kimoja huonekana kama kinagusana na kingine, lakini ndege zinazovisafirisha watu baina ya visiwa ni ndogo, chache, na ratiba zake hubadilika. Mshika mbili moja humponyoka.

Baada ya ndege kutua, bado kuna barabara. Kisiwa cha Saint Lucia ni mfano mzuri. Kina viwanja viwili vya ndege. Ndege kubwa za kimataifa hutua Hewanorra, kusini kabisa, ilhali hoteli nyingi ziko kaskazini karibu na Rodney Bay. Mgeni asiyejua hili hulipa hoteli ya kaskazini kwa kuwa ina bei nzuri, kisha hugundua kwamba ana saa moja unusu ya milima mbele yake. Angeteua hoteli ya upande wa Soufrière, angepunguza safari na kulala karibu na vivutio vikuu vya kisiwa.

STAKABADHI

Jambo la pili ni stakabadhi, na hapa ndipo hasara inaweza kupita ile ya fedha. Mkenya aliyeko Marekani ambaye ombi lake la ukaazi wa kudumu bado linashughulikiwa anafaa kufahamu kwamba akitoka nchini humo bila kibali maalumu cha kusafiri, ombi lake kwa kawaida huhesabiwa kuwa limeachwa. Wapo waombaji wachache wanaoruhusiwa, kutegemea aina ya viza waliyo nayo, lakini hilo si la kubahatisha. Aliyeomba hifadhi naye yuko katika hatari kama hiyo. Mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha muda, ingawa masomo yake yanaendelea kihalali, hana budi kuuliza katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwake kabla ya kulipa chochote.

Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani ni milki ya nchi hiyo. Msafiri anayetoka bara la Marekani moja kwa moja hadi huko huhesabiwa kuwa hajatoka nchini. Kwa sababu hiyo, wengi wenye karatasi halali lakini wasiotaka shida za mpakani huchagua visiwa hivi. Hata hivyo, abiria wanaorejea bara kutoka Visiwa vya Virgin hukaguliwa na maafisa wa uhamiaji na forodha, na ukaguzi unaweza kufanywa katika viwanja vingine pia. Mtu ambaye hadhi yake ya ukaazi ina utata amwone wakili kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.

Kwa wanaotumia pasipoti ya Kenya, mataifa kadhaa ya Jumuiya ya Madola katika eneo hilo, yakiwemo Barbados na Jamaica, yamekuwa yakiwapokea bila viza kwa ziara fupi. Visiwa vya Ufaransa vina masharti yake. Ijapokuwa Martinique na Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa, havimo katika eneo la Schengen, hivyo viza ya kawaida ya Schengen haimruhusu mtu kuingia huko moja kwa moja. Kwa kuwa masharti ya viza hubadilika, uhakika hupatikana kwa ubalozi au idara ya uhamiaji ya kisiwa husika, na wala si kwa rafiki aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Cuba inahitaji uangalifu wa pekee. Sheria za Marekani haziruhusu safari za utalii mtupu kisiwani humo. Aidha, mwenye pasipoti ya Uingereza au nchi nyingine ambayo raia wake huingia Marekani kwa kibali cha mtandaoni hupoteza nafasi hiyo iwapo amezuru Cuba tangu Januari 12, 2021. Atalazimika kuomba viza kamili. Siku nne za Havana zaweza basi kumgharimu kwa miaka mingi mtu aliye na jamaa huko Marekani.

Isitoshe, visiwa vingi hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Chanjo hutolewa angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 cheti hicho kinatambuliwa kuwa halali maishani.

UPEPO NA MAWE

Wakishamaliza hayo, wawili hao sasa wanaweza kuzungumzia ufuo. Mambo mawili ya kimaumbile hueleza karibu kila tofauti iliyopo baina ya visiwa: upepo na mawe.

Wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki wamezoea pepo mbili, kaskazi na kusi, zinazopokezana mwaka mzima. Karibea haina mpokezano huo. Upepo wa huko huvuma kutoka mashariki karibu mwaka wote. Matokeo yake ni kwamba pwani ya mashariki ya visiwa vingi hupigwa na mawimbi ya Atlantiki, ilhali pwani ya magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe na maji yake hutulia. Huko Barbados, kwa mfano, wanaoteleza juu ya mawimbi huenda Bathsheba, upande wa mashariki. Wanaotaka kuogelea bila hofu hukaa magharibi. Wawili ambao mmoja wao hajui kuogelea vizuri wanafaa kuuliza hoteli iko upande upi kabla ya kuuliza bei.

Upepo huo wa mashariki huleta pia mwani. Tangu 2011, mwani wa rangi ya kahawia aina ya sagasamu umekuwa ukielea kwa wingi kutoka Atlantiki na kurundikana kwenye fuo, hasa kati ya Machi na Agosti. Ukioza hutoa harufu mbaya. Pwani zinazoelekea mashariki ndizo huathirika zaidi, na hii ni sababu nyingine ya kupendelea magharibi.

Kuhusu mawe, visiwa vidogo vya Karibea vimegawika makundi mawili makubwa. Kuna vya chokaa na matumbawe kama vile Barbados, Antigua, Anguilla na Bahamas. Hivi ni tambarare kwa kiasi kikubwa, mvua yake si nyingi sana na mchanga wake ni mweupe. Kisha kuna vilivyotokana na volkano kama vile Saint Lucia, Dominica, Grenada, Saint Vincent na Martinique. Hivi vina milima mirefu, misitu, maporomoko ya maji na chemchemi za moto, na fuo zake nyingi zina mchanga wa kijivu au mweusi.

Volkano hizo hazijalala zote. Mlima Soufrière Hills wa Montserrat ulianza kulipuka 1995 na kuufanya mji mkuu, Plymouth, kuhamwa. Ule wa La Soufrière huko Saint Vincent ulilipuka Aprili 2021 na maelfu ya watu wakahamishwa. Matukio kama hayo ni nadra, na kwa mgeni wa siku nne si sababu ya kuviogopa visiwa vya milima. La kuamua ni iwapo wawili hao wanataka kulala mchangani au kupanda vilima.

MSIMU

Msimu rasmi wa vimbunga huanza Juni 1 na kumalizika Novemba 30, huku hatari ikiwa kubwa zaidi kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Historia ya karibuni inaonyesha kwamba hili si jambo la kupuuzwa. Septemba 2017, vimbunga Irma na Maria viliharibu Barbuda, Saint Martin, Dominica na Puerto Rico. Septemba 2019, Dorian kilipiga visiwa vya Abaco na Grand Bahama nchini Bahamas. Julai 2024, Beryl kilibomoa sehemu kubwa ya kisiwa cha Carriacou nchini Grenada. Oktoba 28, 2025, kimbunga Melissa, kilichokuwa cha daraja la tano, kiliingia Jamaica kupitia magharibi mwa nchi hiyo, eneo ambalo hutegemea sana utalii.

Bei hufuata kalenda hiyo. Msimu wa juu ni kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, wakati wakazi wa Marekani na Ulaya wanapokimbia baridi. Baada ya hapo bei hushuka. Kwa wawili wenye mfuko wa wastani, miezi ya Mei na mwanzoni mwa Juni, au sehemu ya pili ya Novemba na siku za kwanza za Desemba, huwa na uwiano mzuri kati ya gharama na hatari.

Wasioweza kusafiri ila Agosti au Septemba watazame kusini. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko karibu na pwani ya Venezuela, nje ya njia kuu ya vimbunga. Hakuna kisiwa kilichohakikishiwa usalama, lakini uwezekano wa dhoruba huko ni mdogo. Popote waendapo katika msimu huo, wanunue bima ya safari mapema. Bima inayonunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina kwa kawaida haifidii hasara ya kimbunga hicho.

VISIWA VYENYEWE

Puerto Rico huwafaa wawili wanaoishi Marekani na wasiotaka usumbufu wa mpakani. Mji mkongwe wa San Juan una kuta na ngome za enzi za Wahispania, ikiwemo El Morro, ambazo zimo katika orodha ya turathi za dunia tangu 1983. Msitu wa El Yunque uko umbali wa takriban saa moja kwa gari. Karibu na Fajardo kuna rasi ambayo maji yake hung'aa usiku yanapotikiswa, kutokana na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mng'ao huo huonekana vyema usiku usio na mbalamwezi, kwa hivyo yafaa kutazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe.

Bahamas ni ya karibu zaidi kwa walio Florida. Kijiografia, visiwa vyake vimo katika Atlantiki, na kwa kuwa viko kaskazini, maji yake huwa baridi Januari na Februari. Anayetafuta joto la kuogelea wakati huo aende kusini zaidi. Faida moja ya Nassau, kama ilivyo Aruba, ni kwamba abiria wanaorejea Marekani hukaguliwa na maafisa wa Marekani huko huko kabla ya kuabiri ndege, na hivyo kuepuka foleni wanapowasili.

Jamaica ni nchi kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani. Ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 11,000, na milima yake ya Blue Mountains hupita mita 2,200. Anayependa muziki atataka Kingston, aliko Bob Marley aliishi na ambako nyumba yake sasa ni makavazi. Anayetaka ufuo ataelekea Negril au Montego Bay. Kwa siku nne, asijaribu yote. Baada ya uharibifu wa Melissa, mgeni aulize hoteli anayoitaka imefunguliwa kikamilifu au la, na barabara ziko katika hali gani.

Barbados ni ndogo, yenye urefu wa kilomita 34 na upana wa 23 hivi. Hilo ni jambo la heri kwa wenye siku chache, kwani hakuna mahali palipo mbali. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama Kenya. Ijumaa usiku, wenyeji na wageni hukusanyika Oistins kula samaki wa kuchoma. Chakula cha taifa ni samaki aruka na cou-cou, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia. Mkenya hatakosa kukitambua kuwa jamaa wa ugali. Dosari ya Barbados ni bei, kwani hoteli za pwani ya magharibi ni ghali. Za kusini huwa nafuu.

Saint Lucia imejijengea sifa ya kuwa kisiwa cha fungate. Vilele viwili vya Pitons, kila kimoja kikiwa na zaidi ya mita 700, huchomoza karibu na bahari, na vimo katika orodha ya turathi za dunia tangu 2004. Kisiwa hiki chenye kilomita mraba 616 pekee kimetoa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel, mwanauchumi Arthur Lewis mnamo 1979 na mshairi Derek Walcott mnamo 1992. Kinawafaa wawili wanaotaka mlima na bahari kwa pamoja.

Aruba huwafaa wanaotaka jua la uhakika. Mvua ni haba, hoteli nyingi ziko karibu na uwanja wa ndege, na upepo hupunguza makali ya joto. Anayetafuta msitu na mito hatavipata huko. Atavipata Dominica, kisiwa cha mito na ziwa linalochemka, ingawa kukifikia mara nyingi huhitaji kubadilisha ndege. Msomaji asikichanganye kisiwa hicho na Jamhuri ya Dominika, kwani wapo wasafiri waliokata tiketi za nchi wasiyoikusudia.

Jamhuri ya Dominika yenyewe inajulikana kwa hoteli kubwa za malipo ya jumla huko Punta Cana, ambako mgeni hulipa mara moja kwa malazi, chakula na vinywaji. Ni chaguo la bei nafuu. Inashiriki kisiwa kimoja na Haiti, nchi ambayo Wakenya waliizoea katika habari tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince mnamo Juni 2024 kukabiliana na magenge. Punta Cana iko katika ncha ya mashariki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mpakani. Haiti, licha ya historia yake tukufu ya watumwa waliojikomboa na kutangaza uhuru 1804, haijawa mahali pa likizo kwa sasa.

FEDHA NA ADABU

Bei inayotangazwa si bei ya mwisho. Hoteli nyingi huongeza kodi na ada ya huduma, na matangazo mengine hutaja gharama ya mtu mmoja ilhali chumba ni cha wawili. Kwa kuwa visiwa vingi huagiza chakula kutoka nje, mikahawa ni ghali. Hapa ndipo malipo ya jumla huweza kuokoa fedha, lakini kwa wale tu watakaokaa hotelini. Wanaopenda kuzurura na kuonja vyakula vya mitaani watakuwa wanalipia milo wasiyoila.

Dola ya Marekani hupokewa karibu kila mahali. Dola ya Barbados hubadilishwa mbili kwa moja ya Marekani, nayo dola ya Karibea Mashariki, inayotumika Saint Lucia, Grenada, Antigua na kwingineko, imewekwa 2.70 kwa moja tangu 1976. Anayefahamu viwango hivi hadanganyiki sokoni. Bei yoyote itajwapo, aulize ni dola ya nchi gani.

Kuhusu adabu, Mswahili hatapata taabu. Katika visiwa vingi, mtu aingiaye dukani bila kusalimu huonekana hana malezi. Salamu hutangulia swali. Nguo za kuogea ni za ufuoni, si za mjini. Vilevile, mavazi yenye madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia huko Barbados, Jamaica, Saint Lucia na visiwa vingine kadhaa, hata yakiwa ya mtoto.

KUKUBALIANA

Baada ya hayo yote, linabaki lile ambalo hakuna wakala wa safari awezaye kulitatua, nalo ni tofauti za wawili wenyewe. Chukua mfano wa mume aliyefanya kazi za zamu mwaka mzima na ambaye hamu yake ni kulala. Mkewe ameshinda ofisini miezi kumi na miwili na anatamani kutembea. Wakienda Aruba, mke atachoka na ufuo kufikia siku ya pili. Wakienda Dominica, mume atapanda mlima akinung'unika. Wakienda Saint Lucia, upande wa Soufrière, kila mmoja atapata asubuhi yake na watakutana jioni.

Njia mojawapo ni kila mmoja kuandika mambo matatu anayoyataka na moja asilolitaka kabisa, kisha wabadilishane karatasi kabla ya kutazama picha yoyote. Jambo lililomo katika orodha zote mbili ndilo liwe msingi wa uteuzi. Lile lisilotakiwa na mmoja liondolewe bila mjadala. Kiasi cha fedha kikubaliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ugomvi mwingi wa likizo huanzia kwenye mkoba.

Mpangilio wa maamuzi uwe basi saa za safari, stakabadhi, msimu, upande wa kisiwa, na picha mwisho. Anayeufuata atapata visiwa viwili au vitatu vinavyomfaa kati ya hivyo 700, na kuchagua kimoja miongoni mwa vitatu si kazi ngumu. Siku nne ni chache, lakini zinatosha kwa wawili kurejea kazini wakiwa wamepumzika, stakabadhi zao zikiwa salama na akiba yao haijaishia katika viwanja vya ndege.